Jinsi Kadera Ilivyopata Jina

Jumatatu ya kwanza Maxwell Ochola alidhani ni Muasya, mwenzake wa mashine. Alikuwa amejimiminia glasi nzima ya maji, akaiweka kando ya kompyuta, akainama kurekebisha jina la marehemu mmoja lililokosewa herufi. Alipoinuka kuichukua, akaikuta tupu. Na haikuwa tupu tu. Ilikuwa kavu kabisa ndani, kama iliyopanguswa kwa kitambaa.

"Muasya, wewe na maji yangu mna nini?"

"Maji gani, mzee? Mimi niko huku kwa mashine tangu asubuhi. Nikitaka maji si nitakunywa yangu?"

Ochola akacheka, akajimiminia nyingine. Jumanne zilikauka glasi tatu. Jumatano mtungi wa lita ishirini ulioletwa asubuhi ulikuwa umekwisha kabla ya saa sita, na pale ofisini walikuwa watu wawili tu. Tena chumba kizima kilinuka udongo mbichi, ule udongo mzito wa wafinyanzi, ilhali Westlands yote haikuwa imeona tone la mvua mwezi mzima.

"Ni bomba imepasuka hapo chini," Muasya akasema. Akapiga magoti, akapapasa sakafu kuanzia mlangoni hadi dirishani. Akainuka na vumbi mikononi.

Sasa, kabla hujamhurumia huyu Ochola, ngoja nikueleze kazi yake. Ochola alikuwa fundi wa kupamba wafu. Pale kwenye kichochoro nyuma ya maghorofa ya vioo, katika kiwanda kidogo cha uchapaji, watu walimletea maisha ya marehemu wao kwenye vikaratasi na jumbe za simu, naye akayageuza kuwa kijitabu cha mazishi chenye picha na maua. Mlevi aliyeuza hadi mabati ya nyumba alitoka mle akiwa "mpenda watu." Bwana aliyetelekeza wake watatu alitoka "baba wa wengi." Kila mtu alijua na hakuna aliyelalamika. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na Ochola alikuwa mwosha kwa miaka ishirini na sita, mikono yake imezoea mpaka haisubiri tena kuambiwa.

Basi chama cha watu wa Kadera waishio Nairobi kilipotaka kijitabu cha historia ya kijiji, kingemtafuta nani mwingine, naye ni mwana wa Kadera na katibu wa chama? Kadera yenyewe ni kijiji kidogo huko magharibi. Ukiipita kwa pikipiki ukapiga chafya, umeshaivuka. Maboma manne yaliyozaana yakawa mia. Mwenyekiti wa chama, Odhiambo, mwenye duka la mabati na misumari pale Kabiria, alisema ni aibu watoto waliozaliwa mjini kutojua hata jina la kwao lilitoka wapi. Kijitabu kingezinduliwa Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, pasta na wageni wakiwapo.

Ochola alikuwa amesafiri hadi Kadera mwezi wa nane, akaketi na ajuza mmoja aitwaye Dani Abich, akamrekodi kwa simu dakika arobaini. Na Dani Abich hakumficha kitu.

Alimwambia kwamba Adera aliyekipa kijiji jina, maana Kadera ni kwa Adera, alikuwa mwanamke. Mfinyanzi, mgeni, aliyekuja peke yake na kujenga kibanda mahali ambapo hakukuwa na mtu. Alipokuwa akichimba udongo wa vyungu vyake akafikia maji, akapafanya kisima. Mwaka wa ukame zikaja familia nne na ng'ombe waliobaki mifupa, naye akawapa maji bila kuwauliza wametoka wapi. Wakajenga kando yake. Kisha ndui ikaingia, ikamshika Adera kwanza. Wenye maboma manne wakakata matawi ya miiba, wakaziba mlango wa kibanda chake jua likiwa utosini, wanawake na watoto wakitazama. Siku tatu Adera aliwaita kutoka ndani, mmoja mmoja kwa jina, akiomba maji ya kisima chake mwenyewe. Walimsikia wote. Hakuna aliyemjibu.

Baada ya hapo watoto wachanga wa maboma yale wakaanza kulia wasinyamaze, na waliolia walikauka wakafa. Wazee wakaenda palipokuwa na kibanda, wakakiri mchana mbele ya watu, wakamwahidi kwamba mahali pale patachukua jina lake, ili kila atakayetaja kwao amtaje yeye. Watoto wakanyamaza.

"Jina hilo ndilo radhi yetu," Dani Abich akamaliza. "Lishike vizuri, mwanangu. Aliyekata tawi la kwanza alikuwa Oguta, babu wa baba yako."

Ochola aliyaandika yote, haki ya Mungu aliyaandika. Kisha akampelekea Odhiambo. Odhiambo akasoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta, akakunja karatasi mara nne.

"Katibu, hii utoe. Pasta atakuwa hapo. Watoto watasoma. Tuandikie kitu ya kutujenga."

Laiti angetoa tu akaacha pengo. Lakini mikono ile, nimekwambia, ilikuwa imezoea. Alasiri moja tu, Adera akageuka mwanaume. Akapewa mkuki na ngao, akafukuza maadui, akachimba kisima kwa ncha ya mkuki wake. Na kwa vile shujaa hakosi mwana, Ochola akampa kifungua mimba, akamwita Oguta. Akausoma ule ukurasa mara mbili, akasikia raha, mtu mzima wa miaka hamsini na minane aliyejizalia babu. Halafu akaifuta sauti ya Dani Abich kwenye simu. Jumatatu iliyofuata ndipo glasi ikakauka.

Kijitabu kilichapwa Alhamisi. Saa sita Muasya alitoka kwenda kula, Ochola akabaki na mtambo ukitema majalada, moja baada ya jingine. Harufu ya udongo ikapanda. Mtambo ukasimama. Taa yake ilikuwa bado inawaka, umeme ulikuwepo, lakini ulisimama, na pamoja nao zikasimama honi za barabarani na kelele za mafundi wa jengo la jirani, mpaka Ochola akasikia mate yake mwenyewe yakishuka kooni.

"Oguta."

Ilitoka nyuma ya marobota ya karatasi, pale kwenye kona. Sauti ya mwanamke, imepasuka, ya mtu ambaye ameita kwa muda mrefu.

"Nyangla. Raburu. Odida." Akawataja wenye maboma wote wanne, akapumzika. "Oguta, niko hapa ndani. Nilowesheni ulimi tu."

Aliongea Kijaluo cha zamani, kile ambacho Ochola alikisikia kwa nyanya yake tu, na alikielewa neno kwa neno, akaelewa pia kwamba lile jina la kwanza lilikuwa linamtafuta yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyejiandika kitukuu wa Oguta kwa wino mweusi na kujionea fahari, na sasa mwenye kuita alikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti chake, nyuma ya karatasi zilizokuwa zinaanza kujikunja pembe kwa ukavu, na angeweza kujibu, neno moja tu, hata "naam," hata "pole," lakini alichofanya ni kuziba mdomo wake kwa viganja viwili, akakaa vivyo hivyo, akasikiliza akiitwa, mara ya tatu, mara ya saba, mpaka mlango ukafunguliwa na honi zikarudi.

"Mzee, uko sawa?" Muasya alikuwa mlangoni na chapati mkononi. "Midomo yako imepasuka, unatoka damu."

"Ni jua," Ochola akasema, na hakumtazama usoni.

Jioni alifika nyumbani Kabiria na nakala moja ya kijitabu mfukoni. Kilio alikisikia tangu ngazi za chini. Mjukuu wake, binti wa wiki tatu, wa mwanawe Lenox anayefanya kazi Mombasa, alikuwa amebebwa na nyanya yake, Caren, mkewe Ochola. Mama mtoto, Ivyne, alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, macho mekundu.

"Ameanza saa ngapi?"

"Saa sita, baba," Ivyne akajibu akiinamisha kichwa. "Ananyonya, ananyonya, hashibi. Na pampasi ni kavu tangu mchana. Mama Ciru wa hapo chini amesema ni tumbo, lakini dawa imekataa."

"Pasta ameomba kwa simu," Caren akasema. "Sasa mimi nataka kujaribu ya kwetu. Huyu hajapewa jina. Kuna mtu anamtaka."

Hilo halikuwa jambo geni. Kwao mtoto akilia bila ugonjwa, watu hutaja majina ya waliotangulia, na atakaponyamaza, huyo ndiye aliyekuja. Caren akaketi, akamlaza mtoto mapajani, akaanza polepole. Akamtaja mama yake mwenyewe. Kilio. Akamtaja mama yake Ochola, dada zake Ochola wawili, shangazi aliyekufa maji, wajomba. Kilio tu. Majina yakamwishia. Akaangaza huku na huku kama anayetafuta kibiriti, akaona kijitabu kikichungulia kwenye mfuko wa koti la mumewe.

"Adera," akasema.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Nyumba ikawa kimya hata wakasikia friji ya jirani. Ivyne akaanza kulia kwa shukrani.

"Basi karibu, baba yetu," Caren akasema akitabasamu. "Karibu, Adera, shujaa wa mkuki."

Mtoto akajikunja, akapiga ukelele ambao haukuwa wa mtoto wa wiki tatu. Caren akashtuka. Kisha, kwa sababu ni mwanamke mwenye akili, akajaribu tena.

"Adera."

Kimya.

"Adera, mwanaume."

Ukelele.

Caren akainua macho taratibu. "Baba Lenox, huyu Adera ni nani?"

Hapo alikuwa na mkewe, mkaza mwanawe, na mtoto. Watu watatu tu, wa nyumbani kwake. Lakini mkaza mwana ndiye aliyemtazama kwa tumaini, na Ochola akaona jinsi angeonekana machoni mwake akisema: nilijua, nikaandika uongo, nikajisifu.

"Sijui," akasema.

Ijumaa usiku walimkimbiza hospitali huko Parklands. Asubuhi mtoto alikuwa na sindano kwenye mshipa wa kichwa na mfuko wa maji ukining'inia juu yake. Sista akaja, akatazama mfuko, akakunja uso.

"Nani amechezea hii? Nimeweka saa moja. Ni ya kumaliza siku nzima."

Mfuko ulikuwa umenywea. Akaweka mwingine, akasimama pale pale kuulinda, na wote wanne wakaona maji yakishuka. Hayakudondoka, yalishuka yakienda, kama yanayonyonywa na mtu mzima mwenye kiu, na kule chini mtoto alibaki mkavu, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Sista akajipiga ishara ya msalaba na kwenda kumwita daktari. Daktari alipima damu mara mbili. Alisema hajui maji yanakwenda wapi. Alisema wakifika Jumapili jioni hali ikiwa hiyo, figo hazitavumilia.

Ochola akamshika mkewe mkono, akamtoa hadi kwenye veranda, na pale, akitazama viatu vyake, akamwambia kila kitu. Kisima, ndui, miiba, Oguta. Mkuki. Sauti aliyoifuta.

Alipomaliza, Caren alimuuliza swali moja.

"Alhamisi nikikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mtoto akilia hivyo."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Caren hakumwambia. Alifungua mlango tu, akamwonyesha kitanda.

Akaingia, akainama hadi sikio dogo, akanong'ona, "Adera, mama, nisamehe. Tulikukosea." Mtoto akafungua macho. Alimtazama, na macho yale hayakuwa ya kutafuta mwanga kama ya vichanga. Yalimtulia usoni kama ya mtu mzima anayesubiri mwenzake amalize. Kisha akalia, kwa sauti ya chini sasa, maana nguvu zilikuwa zinamwishia.

"Hakuzibwa kwa siri," Caren akasema nyuma yake. "Walimziba mchana, watu wakitazama. Wewe unamwomba msamaha kwa sikio?"

Jumapili ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, vitambaa vyeupe, vijitabu mia tatu mezani na shujaa mwenye mkuki kwenye jalada. Kina mama wa Kadera walikuwa wameshona sare ya kitenge. Odhiambo akamkaribisha katibu aje asome ukurasa wa kwanza, na watu wakampigia makofi, na kila kofi lilimwangukia Ochola shavuni.

Alisimama na kijitabu mkononi. Akakiweka chini.

"Mlichoshika hapo nimekitunga," akasema. "Adera hakuwa mwanaume."

Halafu yakatoka yote, vibaya, bila mpangilio, yeye ambaye alijua kupanga maneno ya kila mfu. Alirudia mambo, akakosea, akarudi nyuma. Alisema alikuwa mama mfinyanzi, kwamba maji yalikuwa yake, kwamba alipougua wenye maboma manne walimfungia kwa miiba na kumsikiliza akifa. Alisema Oguta alikata tawi la kwanza na kwamba yeye, kitukuu wa Oguta, alisimuliwa haya yote vizuri kabisa, akayafuta ili aonekane mtu wa ukoo mkubwa. Akasema jina la kijiji ndilo radhi iliyobaki, na yeye amemnyang'anya hata hiyo. Mbele kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu. Ochola alimwona na hakumzuia. Alilia mbele ya wakwe, mbele ya pasta, mbele ya watu aliowazikia wazazi kwa maneno matamu.

"Adera, mama," akamaliza, "mimi wa boma la Oguta nakusikia."

Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa Caren.

"Amelowa," Caren akasema, naye analia. "Baba Lenox, amelowa mpaka shuka. Midomo imelainika. Amelala."

Ochola akaketi kwenye ukingo wa jukwaa. Alingoja. Alidhani sasa mwingine atainuka, maana yeye alikuwa boma moja tu. Akamtazama mzee wa boma la Nyangla kwenye mstari wa mbele. Mzee Nyangla alikuwa akikuna goti. Hakuna uso hata mmoja wa mkubwa ulioonyesha mshangao, na hilo ndilo lililomtia baridi. Walikuwa wamemkasirikia, lakini si kwa sababu ya uongo.

"Sote tulijua," mzee akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Haikuwa lazima useme."

Odhiambo akachukua kipaza sauti. Jina lake kamili, wanaomjua wanalijua, ni Odhiambo wa Odida.

"Tunamshukuru katibu. Kila boma lina mambo yake, na Ochola ametueleza ya boma lake. Tumwombee. Vitabu vitauzwa pale mlangoni, ile jalada tutarekebisha baadaye."

Watu wakapumua. Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha kufunga mambo. Ndipo mstari wa tatu, alipoketi Anita binti Odhiambo na mwanawe wa miezi minne, mtoto akaanza kulia. Anita akampa titi. Akanyonya, akanyonya, akaliachia, akalia. Anita akambadilisha upande, kisha akaingiza mkono kwenye pampasi, akautoa, akautazama. Kina mama waliokuwa karibu wakasogeza viti vyao. Sasa ukumbi mzima ulikuwa umegeuka, si kumtazama Ochola tena.

"Baba," Anita akaita. Hakupaza sauti. "Baba, midomo yake inapasuka."

Odhiambo alikuwa na kipaza sauti mkononi bado, kikiwa wazi, na wote wakasikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Akafungua karatasi ya ratiba, akatafuta kwa kidole.

"Sasa," akasoma, "tutapata wimbo kutoka kwa kina mama."

Hakuna mama aliyeinuka.